Chumba cha Viatu

Tulifika Bohinj na mvua, au mvua ilifika nasi,
sijui nani alitangulia.
Treni ilitutema kituoni, vijana thelathini na mmoja,
mabegi mapana kuliko migongo,
Gorazd mbele na ramani iliyolowa
hadi ziwa lake likamwagika.

Bi Marjeta alitupokea mlangoni,
miwani moja kichwani, nyingine kifuani,
akamaliza masharti yote kwa pumzi moja:
viatu chini, watu juu,
shuka kila mmoja atandike lake,
maji ya moto ni ya wanaowahi,
saa nne taa zinazimwa, na asiyeamini ajaribu.
Hapa mgeni hangoji siku ya tatu apewe jembe.
Jioni ile ile Brina alikabidhiwa ufagio,
Tilen akapewa sufuria la kusugua
ambalo mtoto angeogeshwa ndani yake.

Nimelala hosteli nyingi na watoto wa watu.
Navijua vitanda vya ghorofa vinavyolia kama vinadaiwa,
namjua wa juu atakayetaka maji usiku
na wa chini atakayekanyagwa mkono.
Naijua harufu: soksi, sabuni ya machungwa,
mkate uliosahauliwa mfukoni tangu Maribor.
Nakijua kicheko kinachoanza taa zikizimwa,
kinachopenya ukuta, kinachokufa,
kinachofufuka kwa sababu ya mmoja aliyejamba.

Kazi yangu ni kuhesabu.
Nahesabu garini, darajani, mezani,
nahesabu hata ndotoni, kama mchuuzi wa mayai.
Usiku ule, saa sita na nusu, nilipita na tochi
nikapata thelathini.

Nikarudia.
Thelathini.

Kitanda cha Lovro kilikuwa kikavu, blanketi limekunjwa pembe nne.
Lovro, yule mtulivu.
Watulivu ndio tunaosahau kuwahofia.
Bafuni hayupo. Jikoni, sufuria la Tilen limejaa giza.
Moyo wangu ulishuka ngazi kabla yangu.

Chini, kwenye chumba cha viatu,
kando ya boila inayonguruma peke yake,
mvulana wa miaka kumi na mitatu kakaa sakafuni
anararua magazeti.
Anasokota, anashindilia, kiatu baada ya kiatu,
mpaka kule kidole gumba kinakofika.
Jozi kumi na tisa zilikwisha,
zimepangwa ukutani kama watu wanaongoja zamu.

"Baba hufanya hivi," alisema bila kugeuka.
"Mvua ikinyesha. Zamani ilikuwa kila mara.
Sasa ni Jumamosi tu, akirudi kutoka Graz."
Kisha, kama anayenionya:
"Usipovijaza usiku, asubuhi vinakaza. Vinauma."

Mwongozo wa viongozi unasema nimrudishe kitandani.
Nilizima tochi, nikakaa.
Nikachukua kurasa za michezo, yeye akabaki na hali ya hewa,
tukafanya kazi bila neno
mpaka viganja vikawa vyeusi kwa wino.
Viatu vya Gorazd peke yake
vilimeza gazeti zima la Jumapili.

Asubuhi walishuka kwa kishindo, nywele zimesimama,
wakachomoa karatasi, wakatupiana, wakavaa.
Hakuna aliyeuliza.
Neža tu alisita kidogo, akachezesha vidole ndani,
akasema, "Lo, vina joto,"
akakimbilia mkate na jemu.
Bi Marjeta aliokota donge moja la karatasi,
akalitazama, akamtazama Lovro,
akamwongezea kakao pasipo kuombwa.
Mimi akaniongezea ufagio.

Kiatu changu cha kushoto kilinibana safari nzima,
nikasema ni uzee.
Wiki iliyofuata, nyumbani, niliingiza mkono:
kipande cha gazeti, kigumu kama kokwa,
kimejibana huko mbele kabisa.
Nilikikunjua taratibu juu ya meza.
Maribor, mawingu kiasi.
Bohinj, mvua.